Pipa, Mwambie

Mtu akikuambia kwamba kizito hushuka mlima upesi kuliko chepesi, usibishane naye, mpe chai. Mteremko haujali uzito. Unajali jambo moja tu: kilichomo ndani ya pipa kinazunguka pamoja na pipa, au kimejikalia kinaliacha bati lizunguke peke yake? Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu mimi fundi wa Mteremko wa soko, na tangu masika siri hiyo ilinifanya mtu mkubwa hapa Juu. Watoto waliniamkia kutoka ng'ambo ya barabara. Wauza mafuta wa Bonde wakifika kwangu walishusha sauti. Nilipenda, nisidanganye.

Asubuhi ile ya Juni baridi ilikuwa ya kukata masikio. Majani yote ya pembeni mwa soko yalikuwa meupe, umande umeganda kuwa jalidi. Mikokoteni ya Bonde ilikuwa imepanga foleni, kila mmoja na pipa lake la mawese, kila pipa limefungwa kwa lakiri ya nta mdomoni. Mafuta hayo ndiyo yanayoendesha injini ya hospitali, na injini ndiyo inayowasha taa za chumba cha upasuaji. Hatuna umeme mwingine. Jua lilipochafuka enzi za bibi zetu na kuunguza simu, nyaya na kila chombo kilichokuwa na akili, tulibakiwa na vile vinavyozunguka.

Ambokile, mnadi wa soko, alipaza sauti kama kawaida yake. "Pipa linalofuata." Akataja jina la mwenyewe.

Jina hilo mimi silitamki. Ni jina la baba mzazi wa mume wangu.

Kwetu mke wa mtu hamtazami baba mkwe usoni, hasemi naye, hatamki jina lake, hawalali chini ya paa moja. Dunia ilipozimika watu walishikilia walichonacho, na mwiko huu ulikuwamo. Nimezaa, nimelea, na mzee yule namjua kwa kikohozi chake na kwa makobazi yake tu. Nikivisikia, nakwepa. Akiisikia sauti yangu, naye anakwepa. Huo ndio upendo wetu, na wala haukuwa mdogo.

Nikavuta khanga mpaka kwenye pua, nikaingia nyuma ya ubao wangu wa kujisitiri, kando ya Mteremko. Pale kuna upenyo ambao kwao naona mwisho wa reli na kengele mbili, basi.

Mteremko una njia mbili za reli, sambamba. Njia moja ni ya pipa la muuzaji. Ya pili ni ya pipa mama, ambalo nimelijaza maji mimi mwenyewe. Wenzo mmoja unayaachia yote mawili kwa pamoja, na kila moja likifika chini linagonga kengele yake. Mafuta yakiwa safi, kengele zinalia pamoja, hata kama pipa moja ni zito kuliko jingine. Maji na mafuta hayakubali kuzungushwa haraka hivyo; bati linazunguka, yaliyomo yanateleza tu kwenda zake. Lakini mtu akitia udongo ili kujaza pipa, tope lile linashikana na bati, na sasa lote linabidi lizunguke. Kuzunguka nako ni kazi. Nguvu uliyopewa na kimo cha mteremko ni ile ile, ni uji wa sufuria moja: ukimpa bakuli kubwa mtoto anayezunguka, anayekwenda mbele atapunguziwa. Kwa hiyo pipa la tope huchelewa. Sikumwambia mtu, maana wezi wakijua kengele inasikiliza nini, watatafuta namna ya kuidanganya.

Wenzo ukashuka. Mapipa yakanguruma. Kengele ya pipa mama ikalia, nikasubiri ya pili, nikasubiri tena. Ilichelewa, na si kidogo.

Ambokile akauliza kama sheria inavyotaka: "Mwenye pipa, lakiri ivunjwe?"

Kuvunja lakiri ni kusimama ana kwa ana, mwenye pipa na fundi. Yeye anavunja, wote wawili wanachungulia, kila mmoja anataja alichokiona huku akimtazama mwenzake machoni. Wawili walionaswa wakati wa masika walidai lakiri ivunjwe, wakaumbuka, maana ndani mlikuwa na tope tupu.

Nikasikia kikohozi. Kisha sauti ya mzee, ya chini, isiyo na haraka: "Isivunjwe."

Watu wakaguna. Anayekataa pipa lake lifunguliwe si amejihukumu mwenyewe? Makobazi ya Ambokile yakageukia ubao wangu. "Fundi, lakiri ivunjwe?"

Sheria inanipa haki ya kulifungua hata mwenyewe akikataa. Ningesema ndiyo, ningelazimika kutoka nyuma ya ubao na kumtazama baba mkwe wangu machoni mbele ya soko zima. Huo ni mwiko, na kila mtu angenielewa. Lakini haukuwa mwiko peke yake. Nilijiambia, kengele yangu haijawahi kukosea, ya nini nijivunjie heshima kuchungulia tope?

"Isivunjwe," nikasema.

Basi wakampandisha. Ndiyo adhabu: anayekutwa na pipa bovu hulisukuma mwenyewe hadi juu ya mteremko, kwa mikono yake, huku watu wakipiga makofi na kuimba "pandisha, pandisha." Siku zote mapipa hupandishwa kwa kamba: ncha moja inafungwa kule juu, inapitishwa chini ya tumbo la pipa, na mtu aliye juu anavuta ncha ya pili. Mwizi hapewi kamba. Nilisikia makobazi yakiteleza kwenye majani yaliyoganda. Nilisikia pipa likirudi nyuma, watu wakicheka, mzee akikohoa, likianza kupanda tena. Mimi fundi mkuu nilikuwa nyuma ya ubao nikitazama kucha zangu.

Mzee alipofika juu, Ambokile alitangaza kwamba kesho, soko likifunguliwa, wapiga nyundo watateremka Bonde kuvunja kinu chake cha mawese. Mtu akivunjiwa kinu hajengi kingine. Na mzee yule hana shamba la ndizi wala ng'ombe. Ana kinu na jina.

*

Gwakisa, mume wangu, alirudi mchana akakaa kwenye kigoda bila kuvua koti. Yeye si mtu wa kelele. Afadhali angekuwa wa kelele.

"Mama Atu, ulichungulia ndani?"

"Sikuchungulia."

"Kwa nini?"

"Unajua kwa nini."

"Najua sababu moja," akasema. "Nakuuliza kama kuna ya pili."

Nikajitia kupanga kuni. Baadaye, ili tu niseme neno, nikauliza mzee alilala wapi usiku wa jana.

Gwakisa alinitazama kana kwamba nimemuuliza jina la mtoto wetu. "Wenzake wote walilala kwa jamaa zao, mapipa yamepangwa jikoni kando ya moto. Yeye jamaa yake hapa Juu ni mimi, na kwangu upo wewe. Alilala kule kwenye kilima, nje. Nilimpelekea blanketi, akalifunika pipa."

"Alilifunika pipa? Yeye je?"

"Alisema yeye atavumilia, pipa halitavumilia."

Nikaziacha kuni. Pale dirishani kulikuwa na chupa ya mawese aliyoniletea Gwakisa asubuhi, zawadi ya babu kwa mjukuu, imetoka kinu kile kile. Niliishika, nikaiinamisha. Hayakusogea. Yalikuwa yameganda kabisa, rangi ya boga. Nikaigeuza juu chini. Wapi.

Kando ya jiko kulikuwa na chupa nyingine ya namna ile, ya kupikia, ambayo kwa joto la moto ilikuwa majimaji. Nikachukua sinia, nikaliegemeza kwenye kigoda cha pili, nikazilaza chupa zote mbili juu, nikaziachia.

Ya jikoni ilitangulia. Ya dirishani ikaja nyuma yake, ikijivuta.

"Rudia," alisema Gwakisa.

Nikarudia. Nikabadilisha upande. Ikawa vile vile.

"Yaani mafuta yakiganda," akasema polepole, "kengele yako inayaita tope."

"Ndiyo."

"Mbona kila mtoto wa Bonde anajua mawese huganda kwa baridi?"

"Hata mimi najua, Gwakisa. Kila Juni nayachota kwa kijiko. Nilijua huku jikoni, kule sokoni sikujua. Niliujenga Mteremko wakati wa joto. Nikaweka maji kwenye pipa mama, na maji hayagandi kwa baridi yetu hii. Sikuwaza."

"Na watu wa Bonde wangekuambia. Lakini hakuna aliyejua kengele inasikiliza nini. Uliificha."

Hakulisema kwa hasira. Alilisema tu, na mimi nikakaa sakafuni pale pale, kwenye majivu, nikalia kwa aibu. Nilimwona akilini mzee wa watu akiteleza kwenye jalidi, na aliyemweka kwenye jalidi usiku kucha ni mimi, kwa kuwa nipo tu. Kisha asubuhi nikamwita mwizi kwa sababu ya baridi ile ile.

*

Mwenyekiti wa soko ni Bi Syabumi. Nilimkuta kibarazani kwake akichambua maharage, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Umemwambia nani mwingine?"

"Mume wangu tu."

"Basi iishie hapo." Akapuliza makapi. "Mzee nitamsamehe kesho. Nitasema ni kwa heshima ya mvi zake. Kinu hakitavunjwa. Wewe utayapasha mapipa moto kabla ya kuyaachia, kimyakimya, na mambo yataendelea."

"Lakini hakuiba, Bibi."

"Nimesikia."

"Msamaha ni wa mwenye kosa. Ukimsamehe, atakufa akiwa mwizi aliyehurumiwa."

Bi Syabumi aliweka ungo chini. "Binti, unamkumbuka Lusako wangu?"

Nani asiyemkumbuka. Lusako, bintiye, alikuwa mezani hospitalini, tumbo limefunguliwa, wakimtoa mtoto, injini ikakabwa na tope la mafuta ya wezi na taa zikazimika. Mtoto alipona. Lusako hakupona. Kwa ajili yake soko liliniita nijenge Mteremko.

"Watu wa Bonde wanauogopa ule Mteremko," akasema. "Wanauogopa kwa kuwa hawauelewi. Kesho ukisimama ukasema unakosea, na ukawaambia unavyofanya kazi, nani atauogopa tena? Tope litarudi. Na siku taa zikizimika juu ya mtoto wa mwenzako, utakwenda kumwambia nini? Kwamba ulikuwa unasafisha jina la mkweo?"

Nilitaka kukubali. Narudia, nilitaka sana. Maneno yake yalikuwa na haki ndani yake, na yalikuwa na kivuli kizuri cha mimi kujificha. Ningebaki Fundi. Watoto wangeendelea kuniamkia.

"Tope likirudi tutalitafuta kwa njia nyingine," nikasema. "Kila pipa lipashwe moto, kila pipa lifunguliwe ikibidi. Lakini Bibi, injini haikubaliani na mafuta yaliyoganda pia. Nikificha jambo hili, nani atajua kuweka jiko kando ya tangi la hospitali? Jalidi litamuua mtu kama tope lilivyomuua Lusako."

Akauinua ungo, akaurudisha chini bila kuchambua.

"Sitakuzuia," akasema mwishowe. "Wala sitakusimamia. Aibu yako uibebe mwenyewe."

*

Jioni ile mimi na Gwakisa tulilishusha pipa la baba yake, tukaliingiza kwa mwoka mikate, kwenye chumba chenye tanuri. Lakiri hatukuigusa. Likalala pale na joto, likila raha ambayo mwenyewe hakuipata.

Asubuhi wapiga nyundo walikuwa wamekwisha kufunga mizigo yao. Nilitoka mbele ya ubao, siyo nyuma, nikiwa nimevuta khanga mpaka puani, nikamwomba Ambokile awanyamazishe watu. Kisha nikawaeleza. Niliwaeleza vya majimaji na vilivyoganda, bati linalozunguka peke yake na bati linaloburuta mzigo wake, na uji wa sufuria moja. Niliwaeleza kwamba kengele haijui tope. Inajua kigumu na kilaini tu. Kila neno lililotoka lilinipunguza kimo.

"Kumbe ni mbio za mapipa tu," alisema muuzaji mmoja wa Bonde. "Na sisi tulidhani ni uganga."

Soko likacheka. Nilisimama nikawaacha wacheke.

Tukaliachia pipa la mzee, sambamba na pipa mama. Kengele zikalia pamoja, mlio mmoja. Kicheko kikakatika.

"Bado," akasema Ambokile, na naona aliona haya kulisema. "Kengele imesema jana hili na leo lile. Sasa lakiri lazima ivunjwe. Mwenye pipa na fundi."

Nilikuwa nimejiandaa kwa hilo usiku kucha. Nikasogea kwenye pipa, macho chini. Nikaona makobazi yakija upande wa pili. Yakasimama. Kisha yakageuka, visigino vikanielekea mimi. Mzee alikuwa amenipa mgongo. Akarudisha mkono nyuma, akapapasa mdomo wa pipa bila kutazama, akaivunja lakiri kwa kidole gumba.

Nilichungulia. "Mafuta," nikasema kwa sauti wote wasikie. "Mekundu, safi. Hamna kingine."

Hapo ningeweza kuondoka. Lakini siwezi kusema naye, na nisingeweza kunyamaza. Nikainama nikaliambia pipa.

"Pipa, mwambie mwenyewe kwamba nimemkosea. Nilimlaza nje na nikamwita mwizi, nikakataa kumfungulia kwa kiburi changu. Mwambie sina uso."

Watu hawakucheka. Mzee alikohoa. Kisha naye akaliambia pipa, mgongo wake ukiwa kwangu:

"Pipa, mwambie mke wa mwanangu kwamba nilijua. Tangu alfajiri nilikusikia umekaza, hutikisiki. Nikasema, leo kengele haitatupenda."

Nikakamata ukingo wa pipa.

"Mwambie ningedai lakiri ivunjwe, ningekuwa mtu safi pale pale. Lakini ingebidi yeye atoke asimame nami uso kwa uso, mbele ya walevi na wapiga makofi. Nikaona kinu hujengwa kwa miti tu. Heshima ya mke wa mwanangu ningeijenga kwa kitu gani?"

Ndipo nilipojua aibu ni kitu gani. Ile ya jana ilikuwa mazoezi. Mimi nilijificha nyuma ya mwiko ili kengele yangu isiguswe; yeye aliubeba ule ule mwiko juu ya mteremko, mikono mitupu, huku akizomewa, ili mimi nisiguswe. Niliitoa khanga usoni. Sikuwa na haja nayo tena.

Nyuma ya watu sauti kavu ikasema, "Pandisha." Alikuwa Bi Syabumi. Hakuwa na hasira. "Sheria ni ya aliyeleta hukumu mbovu pia. Au mnasemaje?"

Hakuna aliyepiga makofi. Nikalifunga pipa, nikalirudisha kwenye reli, pale chini kwenye kengele, nikaweka viganja, nikaanza kusukuma. Mkitaka kujua uzito ni nini, msiulize pipa linaloshuka, ulizeni linalopanda. Kila hatua linataka kurudishiwa nguvu ile yote liliyokupa, na halikupunguzii hata tone. Nusu ya njia viatu vyangu vilianza kuteleza. Pipa likarudi kifuani kwangu.

Gwakisa alishuka mbio na kamba iliyofungwa kule juu, akaipitisha chini ya tumbo la pipa, akairusha ncha juu. Nikamsikia Ambokile akiuliza kama inaruhusiwa, na nikamwona Bi Syabumi akigeuza uso wake kutazama mahindi ya watu.

Kamba ikakaza. Uzito ukapungua mikononi. Niliinua macho mara moja tu, nikaona kule juu mgongo wa mzee, keshanitangulia, kamba begani, anavuta akielekea mbele, hageuki. Akakohoa.

Nikainamisha macho, nikasukuma.